Kayamba Niliyosema Nimeisikia

Migwani,
Jumapili, saa kumi na moja jioni

Mutheu mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia ya chakula, ya dirisha la kufungwa, ya kutomwazima mtu yeyote sufuria usiyotaka kuipoteza, na ya kanisa la kwenda huko mjini Wote. Nilikuwa nimekaa pale nje nikasikia orodha yote, na sina la kuongeza. Kwa hivyo nimekuja hapa kwenye kisiagi. Leo hatusagi, mashine imenyamaza, nami nimepangusa unga mezani nikapata mahali pa kuweka karatasi. Wapita njia wanachungulia wakifikiri kuna unga. Nawaambia kesho.

Nataka kukuandikia habari za sistimu, ile mashine yetu ya muziki. Najua umezisikia tangu hujaota meno. Lakini kuna sehemu ambayo sijawahi kukusimulia, na kuna nyingine ambayo nimekuwa nikiisimulia vibaya makusudi, na kwa kuwa kesho unaondoka kwenda kuanza kazi, naona aibu uende nayo ilivyo.

Tuanze na hii ya kusimuliwa vibaya. Wewe unajua kwamba niliinunua kutoka kwa mhandisi aliyekaa Mwingi wakati wa kazi ya barabara, na kazi ilipokwisha akawa anauza vitu vya nyumba. Hilo ni kweli. Nilichokuwa siwaambii ni kwamba mimi nilikwenda pale kutafuta kitanda. Nikaingia sebuleni nikakuta amewasha. Ilikuwa imepangwa kama kabati: mashine ya santuri juu, redio chini yake, kaseti mbili chini ya redio, amplifaya chini kabisa, na pande zote mbili masanduku ya spika ya mbao yaliyonifika kiunoni. Kulikuwa na mtu anapiga gitaa la besi kwenye ule wimbo, na gitaa hilo nililisikia hapa kifuani, kama mtu ananigonga kwa kiganja. Kitanda nikakisahau.

Wakati huo tulikuwa na fahali mmoja kwa babu yako huko Nuu. Mama yako na mimi tulikuwa tumekubaliana auzwe, tununue tangi la maji na mifereji ya kukinga mvua kwenye paa. Nikamuuza, na nilichorudi nacho juu ya lori la makaa ni sistimu. Vijana watatu walinisaidia kushusha. Mama yako alitoka jikoni, akaizunguka mara moja, akauliza, "Hii inakaa lita ngapi?"

Tena kulikuwa na jambo ambalo furaha ilinifanya nisilifikirie hata kidogo, nalo ni kwamba nyumbani hapakuwa na stima. Nguzo zilikuwa zimefika sokoni, kwetu bado. Sistimu ilikaa kimya kuanzia mvua moja hadi mvua nyingine. Mama yako aliifunika kwa kitambaa alichoshona mwenyewe, akapanga chupa ya chai na vikombe juu yake, na wageni wakawa wanaisifu kama kabati la vyombo. Na yeye akaendelea kwenda mtoni na punda, kuchimba mchanga, kusubiri maji yatokeze, kuteka kwa kikombe. Viangazi viwili alifanya hivyo. Hakunigombeza. Siku moja tu alirudi, akashusha mtungi wa maji kutoka mgongoni, akautua juu ya amplifaya, akasema, "Naona mahali pa tangi ni hapa."

Mimi huwa naanzia siku stima ilipokuja, kwa sababu hapo mimi ndiye shujaa. Nilipozungusha kile kitufe kikubwa cha sauti, taa ya kijani ikawaka na watu wa mtaa mzima wakaja kusimama mlangoni. Kuanzia hapo hadithi yangu ni ya kweli yote. Jumapili baada ya ibada sebule ilikuwa haina pa kukanyaga. Matangazo ya vifo ya jioni tuliyasikiliza pamoja na majirani, mpira tuliusikiliza pamoja, na kaseti ikimezwa na mashine tuliitoa utepe wake taratibu na kuurudisha kwa penseli. Wewe ulijifunza kucheza ukiwa umesimama juu ya viatu vyangu. Na kwa sababu kaseti haina njia rahisi ya kuruka wimbo, ulilazimika kusikiliza hata ule usioupenda, na baada ya mwezi unakuta ndio unaouimba ukifua.

Siijutii sistimu. Ningekuwa nadanganya nikisema naijutia. Ninachokijutia ni kwamba niliamua nikiwa peke yangu sebuleni kwa mtu, na mtu ambaye angeyabeba maji kwa ajili ya uamuzi huo alikuwa mbali, hana habari. Hata leo mama yako akipita karibu na tangi tulilokuja kununua baadaye, hulipigapiga kwa mkono kama anayesalimia ng'ombe. Nikimwona nageuza uso.

Sasa niingie kwa ile sehemu ambayo ulikuwepo, ingawa hukuona yaliyokuwa yanaendelea ndani yangu.

Desemba uliporudi kutoka chuoni ulikuja na spika ndogo, haizidi kopo la mafuta ya kupikia. Ukaiweka mezani, ukaibonyeza, sauti ya mwanamke ikatoka ikisema kitu kwa Kiingereza.

"Huyo ni nani?" nikauliza.

"Ni spika, Baba. Inasema imeshikana na simu kwa blututhi."

"Bila waya?"

"Bila waya."

Nilisikiliza wimbo mmoja, nikatoa hukumu pale pale. Nilisema inalia kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Nilisema vitu vya siku hizi havina mwili, vimetengenezwa vya kutupwa, na kwamba sistimu yangu ina sauti tamu, laini, isiyochoma masikio. Nakumbuka hilo neno laini nililirudia mara nyingi. Ulininyamazia wiki nzima. Halafu Jumapili ile, baada ya chakula, ukasema, "Baba, wacha Mama aamue."

Ulikuwa umejipanga, nikaona baadaye. Ulikuwa hata na waya wa kutoa wimbo kwenye simu na kuuingiza kwenye amplifaya, ili ule wimbo mmoja upite kwanza kwangu halafu kwako. Ulimkalisha mama yako akitupa mgongo, ukamfunga macho kwa leso, na yeye akacheka akasema hajawahi kuheshimiwa hivyo nyumbani mwake. Ulichagua wimbo wa kwaya anaoupenda. Nikaweka sauti ya sistimu mahali ninapojua mimi, pale kifua kinapogongwa. Ukapita wote. Ukazima, ukawasha ile yako.

Mama yako hakusubiri hata ubeti wa kwanza uishe. "Hii ya pili," akasema. "Hapa nasikia wanachosema. Ile ya kwanza ni kama watu wanaimba ndani ya gunia."

Mutheu, niliumia. Watu wazima hawapendi kukiri kuumizwa na mambo ya redio, kwa hivyo nilisema mama yako amezoea redio ya simu, masikio yake yameharibika. Nilisema hivyo. Kumbuka hayo maneno, nayaandika hapa ili yanisute.

Wewe hukubishana. Ulipiga magoti mbele ya spika ya kushoto, ukatoa kile kitambaa cheusi cha mbele, ukaegesha sikio. Ukaenda ya kulia ukafanya vile vile.

"Baba, hii kitu haina juu."

"Haina juu vipi?"

"Iko na spika kubwa ya chini, inafanya kazi. Lakini hii ndogo ya juu haitoi kitu. Hata ile ingine. Zote mbili zimekufa."

Jumanne tukaenda Mwingi kwa fundi Kilonzo, yule wa karibu na soko la mbuzi, na masanduku yote mawili nyuma ya pikapu ya jirani. Alifungua, akatoa zile spika ndogo, ambazo yeye huziita twita, akazipima kwa mashine yake, akazipuliza vumbi.

"Mzee, hizi ziliungua zamani sana," akasema. "Ulizipigisha kelele mahali?"

Nilikumbuka mara moja. Ilikuwa harusi ya ami yako Nuu, wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni. Niliibeba sistimu yote hadi huko, nikaiweka uwanjani, nikafungulia sauti hadi mwisho kuanzia asubuhi mpaka jioni, na watu walinisifu mno. Amplifaya ikilazimishwa kupita nguvu zake, fundi akanieleza, sauti hukatika juu na chini, na zinazoungua kwanza ni hizi ndogo. Kwa hivyo fikiria. Miaka yote hiyo niliyokuwa nasifu ile sauti laini isiyochoma masikio, nilikuwa nasifu ubovu. Nusu ya muziki ilibaki Nuu, nami nilikuwa nikiwaambia wageni huo ulaini ni ufundi wa zamani.

Pale kwa fundi nilicheka mimi mwenyewe. Hilo halikunisumbua. Mtu anaweza kuwa na spika mbovu bila kujua. Kilichonisumbua kilianza jioni, tuliporudi na twita mpya mahali pake na wewe ukaucheza ule wimbo wa kwaya.

Mama yako alikuwa anapepeta ndengu. Aliacha ungo hewani. "Kumbe kulikuwa na kayamba," akasema.

"Iko tangu mwanzo wa wimbo," ukasema. "Sasa inatoka. Baba, unasikia kayamba?"

Sikusikia kayamba. Nilisikia besi, nikasikia sauti za wanaume, nikasikia za wanawake kwa mbali kidogo, kama zamani. Kwangu hapakuwa na tofauti hata chembe. Niliwatazama nyinyi wawili, nyuso zenu zimefunguka, mama yako anatikisa ungo kufuatana na kitu ambacho mimi sikipati. Nikasema, "Naisikia. Sasa ndiyo sistimu."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Najua. Sikutaka kubaki nje ya mlango wa nyumba yangu. Na nikishasema mara moja, nikaendelea: nikasifu kayamba, nikasema fundi Kilonzo ana mikono, nikasema sasa ile spika yako ndogo irudi ilikotoka.

Wewe ulikuwa unanitazama. Ukacheza wimbo wa pili, ukangoja kidogo, ukauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Na hapa kayamba unaipata vizuri?"

"Vizuri kabisa."

"Baba, huu wimbo hauna kayamba."

Hakuna aliyecheka. Mama yako aliweka ungo chini. Nilijua nina nafasi ya kukasirika, na mlango wa kutokea ulikuwa pale karibu, na ndivyo ningefanya miaka kumi iliyopita. Nafikiri kilichonizuia ni kwamba hukuuliza kwa ushindi. Uliuliza ukiwa umeogopa. Ulikuja ukakaa chini karibu na kiti changu, ukaniuliza pole pole ni tangu lini. Nikakwambia sijui. Hilo lilikuwa jibu la kwanza la kweli siku hiyo.

Ulijua sababu kabla ya daktari. Ulinyoosha kidole upande wa sokoni, upande wa kisiagi. Zaidi ya miaka ishirini nimesimama hapa nilipokaa sasa, hatua mbili kutoka kwa mashine, kila siku isipokuwa Jumapili, bila kitu masikioni. Muuzaji wa mashine aliniuzia pamoja na vile vya kuziba masikio, vya rangi ya machungwa. Nilivitundika ukutani. Viko hapo hadi leo, vimeshika unga. Nilifikiri ni vya watu dhaifu, na tena wateja wangenisemesha na nisiwasikie. Angalia nilivyohesabu.

Huko kiwandani wanakosindika maembe utakuta mashine. Najua wewe kazi yako ni ya kupima juisi, lakini utapita hapo kila siku. Wakikupa vya masikio, vaa. Wasipokupa, dai. Hili ndilo agizo langu pekee, na nimelilipia.

Hospitalini Kitui tulikwenda Januari, mimi na mama yako, wewe ukiwa umesharudi chuoni kumaliza. Sikukusimulia kwa simu yaliyotokea kwa sababu niliaibika, sasa nakusimulia. Waliniingiza kwenye chumba kidogo, kijana mmoja wa hospitali akanivalisha vya kusikilizia masikioni, akanipa kitufe. Kila nikisikia mlio, nibonyeze. Nikaanza vizuri. Kisha pakawa kimya kirefu, na mimi nikaona vibaya kukaa tu kama mtu asiyejua kitu, nikabonyeza. Nikangoja, nikabonyeza tena. Kijana akafungua mlango.

"Mzee, mbona unabonyeza na mimi nimezima?"

"Nilifikiri imepita moja."

"Huu si mtihani," akasema. "Hakuna kufaulu. Ukinidanganya mimi, nitakupa kifaa cha mtu mwingine."

Mama yako alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya mlango. Nilimsikia akicheka, na hilo lilikuwa la kushangaza, kwa sababu kicheko chake mimi huwa nakiona tu.

Baadaye kijana yule alinichorea mstari kwenye karatasi. Mstari unaanza juu vizuri, kwenye sauti nzito, halafu unaporomoka kama mtu aliyeteleza kwenye mteremko. Sauti nzito ninazo. Nyembamba zilikuwa zimeondoka moja moja bila kuniaga. Akaniambia jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo, nalo ndilo lililonileta hapa na kalamu. Akasema mtu mwenye sikio kama langu husikia kwamba watu wanaongea, lakini maneno hayamfikii vizuri. Zile ncha za maneno, s na f na t, ndizo zinazopotea. Akasema, "Watu kama wewe, mzee, hulalamika kwamba wengine wanameza maneno."

Mama yako wakati huo alikuwa ameingia. Sote wawili tulikuwa tumefika mahali pamoja. Wewe pia nafikiri umeshafika.

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Jumapili ya mavuno. Kwaya ya vijana ilikupa ubeti wa peke yako, na ulikuwa umefanya mazoezi nyuma ya zizi kwa wiki tatu ukidhani hatujui. Uliimba. Mimi nilikuwa benchi la nne. Baada ya ibada, pale nje, mbele ya mwalimu wa kwaya na wazee wawili, nilikuambia, "Umemeza maneno yote. Hakuna mtu amesikia kitu." Nilisema nikijiona baba mwema anayetaka mtoto wake afanye vizuri zaidi. Mama yako alisema, "Mimi nimesikia kila neno." Nikamjibu kwamba yeye ni mama, lazima aseme hivyo. Na wewe ulitazama viatu vyako. Juma lililofuata ukasema una kazi nyingi za shule, huwezi kwenda mazoezi. Hukurudi kwaya. Hatukuzungumza juu ya hilo hata siku moja, na mimi nikajiambia watoto hubadilika.

Kulikuwa na watu mia na zaidi mle kanisani. Mmoja hakusikia, akasema hakuna aliyesikia. Na huyo mmoja ndiye uliyemwamini.

Mwanangu, sikuwa najua kuhusu masikio, hilo ni kweli na unaweza kunipunguzia hapo. Lakini mama yako aliniambia pale pale na sikutaka kujua. Hapo sina kisingizio. Miaka yote nikiona jambo halinifiki nilifikiri kosa liko kwa anayelituma: wateja wananong'ona, mhubiri anakimbia, mama yako anaongea akiwa amegeuka, binti yangu anameza maneno. Sikujiuliza mara moja kama ni mimi. Naomba unisamehe. Ningeweza kukuambia kwa mdomo leo mchana, nilijaribu mara mbili ukipanga nguo, na mara zote mbili nikaishia kukuuliza kama begi lina zipu nzuri.

Vile vifaa vya masikioni nilivipata wiki kadhaa baadaye. Umeviona, ukasema vimenikaa. Hukuniona siku ya kwanza. Nilitoka hospitalini nikasimama mlangoni, kila kitu kinaparuza: karatasi, viatu, mfagio. Nilifika nyumbani nikagundua kwamba geti letu linalia, na limekuwa likilia miaka, nanyi mmevumilia. Niligundua mama yako huimba chini chini akikuna nazi. Niligundua kwamba mimi hula kwa kelele mno na hamkuwahi kuniambia. Niliwasha sistimu nikacheza wimbo wa kwaya, na kayamba ikaingia, nyembamba, kama mbegu zikimwagika kwenye karai. Niliicheza mara nne. Mama yako akaniuliza kama nataka kulala na hiyo kayamba.

Kwa hivyo sasa naweza kukupa hukumu ya haki kuhusu yale mashindano yetu, kwa kuwa ndio kwanza nina masikio ya kuhukumu. Sistimu ya zamani ikiwa nzima inashinda kwa upana. Inajaza ukuta mpaka ukuta, gitaa linakuwa na mahali pake na ngoma mahali pake, na kule kugongwa kifuani hakuna kopo litakalokuweza. Yako inashinda kwa maneno. Haina ule mvumo wa waya chini ya wimbo, haihitaji kupigiwa kelele ili ieleweke, na mtu mmoja anaweza kuisikiliza jikoni bila kulazimisha mtaa mzima. Mama yako anasema kubwa ni ya wageni na ndogo ni yake akipika. Naona ametuzidi wote wawili.

Kuna jambo moja la mwisho, nalo limetokea juzi. Nilimwambia mama yako kwamba nataka kukuomba msamaha kwa barua na sijui nianzie wapi. Akaingia chumbani akatoka na kikadi kidogo cha simu cha kuhifadhia sauti, amekifunga kwa karatasi ya sabuni. Akasema siku ile ya mavuno alikurekodi kwa ile simu yake ya zamani, na hakukicheza kamwe mbele yangu kwa sababu hakutaka nikuseme mara ya pili.

Tulikitia kwenye simu, tukakicheza kwanza kwa sistimu, wewe ukiwa umekwenda kwa shangazi yako. Nikalisikia kanisa: benchi zinalia, mtoto anakohoa, mvua kidogo juu ya mabati, na katikati yake msichana anaanza kuimba. Halafu nikachukua spika yako, nisamehe sikuomba ruhusa, nikaja nayo hapa kwenye kisiagi, nikaiweka juu ya meza hii karibu yangu kama mtu anayesemeshwa. Nikasikiliza tena. Hukumeza neno hata moja, Mutheu. Uliyatamka yote, mpaka miisho. Kabla ya mstari wa mwisho ulivuta pumzi, nafikiri uliogopa, kisha ukautoa mzima, polepole, bila kutetemeka. Ilikuwa sauti nzuri sana. Nimechelewa miaka tisa kukuambia.

Sikuombi uimbe. Ukiimba huko Wote, imba. Usipoimba ni sawa pia, una mengine ya kufanya. Nilitaka tu ujue kwamba ulisikika.

Nimalizie na habari ya leo, kisha nifunge mlango. Baada ya chakula ulipokwenda kuaga majirani, mama yako alikuwa anaosha vyombo nje, amenipa mgongo, nami nimekaa kwenye kiti changu. Bado hajazoea. Bado anaongea peke yake nikiwa karibu, kama zamani. Akasema chini chini, anaziambia sufuria, "Huyu mzee kesho atalia pale steji ya magari mbele ya watu wote."

"Nitalia," nikamjibu.

Kijiko kilimponyoka, nikakisikia kikigonga karai. Hakugeuka. Alikiokota, akasema, "Basi nitabeba leso mbili."

Ni mimi,
Babako